Matimba ya Kifuani

Mimi naitwa Zipora, lakini hapa machimboni nyuma ya Bugarama kila mtu ananiita Mama Ngassa, na siku hizi wakishaniita hivyo huongeza kwa sauti ya chini, "yule aliyekalia duara." Waongeze tu. Nilikalia, na nikiambiwa leo nikalie tena nitajifunga kanga yangu na kwenda. Lakini habari yenyewe imefika hadi Kahama ikiwa miguu juu kichwa chini. Mara eti nilipandisha mashetani, mara eti nilimfumania mume wangu shimoni. Shimoni, jamani! Wacha niieleze mwenyewe.

Mume wangu anaitwa Mayala, na ni fundi wa matimba. Kwa asiyejua, mchimbaji mdogo akichimba duara kwenda chini kutafuta mawe ya dhahabu, kuta za shimo haziaminiki. Basi yanakatwa magogo, yanapangwa moja juu ya jingine kuzunguka shimo lote, ili udongo usije ukawafunika watu. Magogo hayo ndiyo matimba. Mayala alikuwa akiyaweka tangu kabla hajaja kwetu kuniposa, na yapo maduara hapa yaliyokwisha mawe zamani, lakini matimba yake bado yamesimama. Na sheria ya matimba kwetu hata mtoto anaijua: aliyeyaweka ndiye anayeshuka wa kwanza kuyapima. Anashuka na nyundo, anagonga gogo mojamoja akisikiliza, na mpaka apande juu na kusema "shukeni," hakuna mtu mwingine anayetia mguu.

Sheria nyingine ni ya kwetu wanawake, nayo inasema tukae mbali. Mwanamke hafiki kwenye mdomo wa duara. Akifika, dhahabu inakimbia. Akikaa, ndiyo kabisa, duara halishukiwi mpaka wenyewe wafanye mambo yao ya kulisafisha. Mimi nimewapikia wanaume hawa wali na maharage miaka yote, na sahani zangu zinaishia kwenye uzio wa mabati. Sikuwahi kubishana nao. Nilisema wakae na dhahabu yao, mradi wale na wasiniachie masufuria yamejaa.

Mwaka jana, wakati wa kupalilia mahindi, Mayala aliamka asubuhi akasema kifua kinambana. Nikadhani ni kiungulia, kwa sababu anakula pilipili kama mtu anayedaiwa. Nilipomtazama vizuri, jasho lilikuwa linamtiririka na uso umekuwa wa kijivu. Nilipiga kelele mpaka majirani wakaja na gari. Tukafika Kahama, Kahama wakatupakia kwenye gari la wagonjwa kwenda Mwanza, na huko ndiko tulikokutana na Daktari Agnetha. Ni mwanamke wa umri wa binti yangu, mwembamba, haongei haraka, lakini akikueleza jambo moyo unatulia.

Alituambia kuwa mshipa mmoja unaoulisha moyo wenyewe ulikuwa umeziba. Walipitisha mpira mwembamba kwenye mshipa wa mkono mpaka kwenye moyo, wakajaza kiputo kidogo pale palipoziba, njia ikafunguka, halafu wakaacha humo kibomba cha wavu wa chuma ili kuta za mshipa zisirudi kufunga. Wenyewe wanakiita stenti.

Mayala alikuwa amelala macho yamefumba. Aliposikia mambo ya kuta na kuzuia zisifunge, akayafumbua.

"Kumbe mmeniwekea matimba," akasema.

Daktari hakujua matimba ni nini. Mayala akamweleza, mgonjwa yule yule aliyekuwa anakufa jana, mpaka akawa anaonyesha kwa mikono. Daktari akacheka, akasema, "Ndiyo, mzee, ni matimba kabisa." Ile ndiyo ya daktari ilitugharimu, jamani. Kuanzia pale mume wangu alijiona anaujua ugonjwa wake wote.

Daktari alikuwa hajamaliza. Alisema damu ikikiona kile chuma inakichukulia kama kidonda, inataka kugandia juu yake. Ikiganda, mshipa unaziba ghafla, na safari hiyo huenda tusifike hata Kahama. Kwa hiyo kuna vidonge vya kuizuia damu isigande, aspirini na kingine chenye jina gumu, na anavimeza kila siku ya Mungu mpaka yeye daktari aseme basi. Halafu kuna adui wa pili, asiye na haraka. Nyama ya mshipa wenyewe inaweza kuota upya ndani ya ule wavu, kidogokidogo, njia ikawa nyembamba tena. Akiona kifua kinauma akitembea au akinyanyua kitu, arudi upesi. Hata asipoona kitu, arudi baada ya mavuno aangaliwe.

Mimi nilisikiliza yote. Mayala alibaki na neno moja tu, matimba.

Tukarudi nyumbani. Vidonge akaanza kumeza vizuri, sitamsingizia. Shida ikaja kwenye kazi. Fundi wa matimba anashinda na shoka na tezo mikononi, na kujikata ni kila siku. Zamani alikuwa akijikata ananyonya kidole, anaendelea. Sasa kakidonda kadogo tu, damu inatoka, inatoka, inalowesha kitambaa, mimi nimekandamiza mpaka mkono wangu unakufa ganzi. Wanaume wakaanza kunong'ona, kwa sababu hapa kwetu damu ikidondokea kwenye timba ambalo bado halijashushwa, gogo hilo linatupwa. Mayala alitupiwa magogo mengi. Mwishowe Boaz, msimamizi wa duara, kijana mstaarabu tu, alimwita pembeni akamwambia, "Shikamoo, mzee wangu. Pumzika kwanza mpaka damu yako ikaze."

Nakwambia, maneno yale yalimuuma kuliko moyo. Alirudi nyumbani akakaa nje ya mlango akiwa na kofia mkononi, na chakula hakugusa.

Baada ya hapo nikaona anachangamka. Boaz alikuwa anafungua duara jipya, refu, ukidondosha kijiwe unasubiri ndipo unakisikia, na Mayala akaitwa kuweka matimba. Akawa anatoka alfajiri anaimba. Mimi mjinga nikafurahi.

Siku moja, mahindi tumeshavuna, alikuwa amekaa uani anachonga mpini. Tezo ikateleza, ikamkata kidole gumba. Mimi kama kawaida nikakurupuka na kitambaa, nikafika, nikapiga magoti. Nikakuta damu imeshasimama. Anajifuta kwenye suruali, hana habari.

"Mbona imesimama?" nikamuuliza.

"Damu yangu imekaza," akajibu, na kidevu akakiinua.

"Baba Ngassa, vidonge unameza?"

"Nameza."

"Fungua mdomo useme tena."

Akaurudia mpini wake, kisha akakiri. Alikuwa anavitia mdomoni mbele yangu, anakunywa na chai, halafu anakwenda kuvitema nyuma ya choo. Mtu mzima, ana wajukuu! Nilipandwa na hasira mpaka nikasahau maneno ya Kiswahili, nikamsema kwa Kisukuma kuanzia ukoo wake kurudi chini. Yeye anachonga tu. Nilipoishiwa pumzi akasema, kwa upole kabisa, "Mama Ngassa, nani anaweka matimba halafu kila siku anayamwagia dawa? Matimba yakishakaa, yamekaa."

Nikaanza kumchunguza. Kutoka kwenye mwalo, pale wanapooshea mawe, kuja nyumbani kuna kilima kidogo, si cha kumsumbua mtu. Mayala akifika katikati anasimama, anainama, anatoa kijiwe kwenye kandambili. Kesho yake tena, pale pale, kijiwe. Kesho kutwa, kijiwe. Nikaenda nikapafagia. Kweli, nilichukua ufagio nikaifagia njia nzima, watu wananicheka. Jioni Mayala akafika pale pale, akainama, akatoa kijiwe. Na nikauona mkono wa pili umeshika kifua.

Nilipigia simu Mwanza. Daktari Agnetha alinisikiliza, hakucheka hata kidogo. "Mama, asishuke popote, asinyanyue kitu. Dawa aanze kumeza leo, na umlete kesho. Akipata maumivu yasiyopoa, atafune aspirini, na kile kidonge kidogo cha dharura nilichowapa akiweke chini ya ulimi."

Mayala akakataa. Matimba ya duara jipya alikuwa ameshayamaliza, na kesho yake ndiyo siku ya kushuka kuyapima. "Nikishuka nikapanda, tutaenda huko Mwanza kwako." Kijana wetu Ngassa akampigia kutoka Mwadui anakofanya kazi, akambembeleza karibu alie. Baba mtu akaitikia, "Sawa baba, sawa," akazima simu akaiweka mfukoni. Nikamfuata Boaz. Boaz akasema mzee mwenyewe kasema amepona, na mtu mwingine hawezi kuyapima matimba ambayo hakuyaweka yeye. Nilitaka kumtandika na mwiko niliokuwa nimeushika, lakini hakuwa na kosa, ndivyo sheria ilivyo.

Niseme ukweli, niliogopa. Nilimwaza Mayala akiwa chini kule, kwenye giza, kifua kimembana, na hao walioko juu wanasubiri asikike akigonga. Nani angemtoa? Angalikuwa tayari amezikwa.

Asubuhi sikuwasha moto. Nilifunga vidonge vyake kwenye pindo la kanga, nikavaa viatu vyangu vya kanisani sijui kwa nini, nikaenda. Kwenye uzio wa mabati palikuwa na wanaume wamekaa wanasubiri uji wangu. "Mwangaluka, mayu," mmoja akanisalimu. Nikamwitikia, nikapita. Walidhani nimechanganya njia. Mpaka wanashtuka, mimi nimeshafika kwenye duara, nimekaa juu ya gogo la kwanza kabisa, miguu inaning'inia ndani.

Weee! Mtu aliyekuwa ameshika winchi aliiachia. Mwingine akavua kofia kana kwamba kuna msiba.

Boaz akaja mbio. "Mama Ngassa, umepotea?"

"Sijapotea. Nimefika."

"Tafadhali, mama, toka hapo. Si unaujua mwiko?"

"Naujua kukuzidi wewe, Boaz. Ndiyo maana nimekuja kukaa, sikuja kusimama."

Hakuthubutu kunigusa. Hakuna aliyethubutu, wote wamesimama mbali wananung'unika, wengine wanatukana kwa sauti ya kutosha niisikie. Natukanwa na watu ninaowalisha! Nikawaangalia mmoja mmoja. Halafu wakapisha njia, nikamwona Mayala anakuja, nyundo begani.

"Zipora," akasema. Huwa haniiti hivyo mbele za watu. "Unanivua nguo."

"Nakuvua ukiwa hai. Hebu nijibu mbele ya hawa. Haya matimba nani ameyaweka?"

"Si unajua? Mimi."

"Na anayeshuka kwanza kuyapima ni nani?"

"Aliyeyaweka."

"Na hayo ya kifuani mwako, uliyaweka wewe?"

Akaishusha nyundo begani.

"Aliyeyaweka yuko Mwanza. Anakuita akayapime tangu tumevuna. Unamkatalia. Wewe Mayala, wewe ambaye hujawahi kuruhusu hata paka ashuke kwenye duara lisilopimwa! Na udongo je? Si wewe ulinifundisha kwamba tope linapenya katikati ya magogo, linashuka kidogokidogo, mpaka shimo linaziba na matimba yamesimama wima? Ulikuwa unanidanganya?"

Nilisikia mtu nyuma akisema, "Kweli bwana." Boaz akageuka akamtazama, yule mtu akanyamaza.

Mayala aliona aibu, na aibu yake siku zote inatoka kwa njia ya hasira. Akaitupa nyundo. Akaja nyuma yangu, akanishika chini ya makwapa aninyanyue. Mimi si mwembamba, sijawahi kuwa, na sikumsaidia hata kidogo. Akavuta mara moja. Mikono ikalegea, nikasikia pumzi yake sikioni, fupifupi, kama mtu aliyepanda mlima ambao Bugarama nzima haina. Niligeuka nikamwona jasho linamtiririka na uso umekuwa ule ule wa kijivu.

Akakaa kwenye gogo, karibu yangu. Watu walidhani ameamua kugoma pamoja na mimi. Akasema taratibu, mimi tu nikasikia, "Mama Ngassa, kifua kimerudi kunibana."

Meno yangu ndiyo yaliyofungua lile pindo la kanga. "Tafuna hiki," nikamwambia. Akatafuna. "Hiki weka chini ya ulimi. Ukikitema nakusukuma humu." Akaweka. Sikuwa nimelia mpaka hapo, nikaanza, nikampigia Boaz kelele kwa machozi, "Gari! Unashangaa nini? Gari!"

Boaz namshukuru mpaka kesho. Hakutaja mwiko wala dhahabu, alikimbia akaleta pikapu yake mpaka ndani ya uzio. Wale wale walionitukana wakambeba Mayala mikononi, ila walizunguka mbali ili wasikanyage pale nilipokuwa nimekaa. Hata katika hali ile! Ningekuwa na nafasi ningecheka.

Kahama wakamtuliza, wakamkimbiza Mwanza. Daktari Agnetha alipotoka kwenye kile chumba alinipeleka kwenye kioo cha kompyuta akanionyesha mshipa. Nyama ilikuwa imeota ndani ya wavu mpaka njia ikabaki kama uzi wa kushonea. Na juu ya nyama ile, kwa sababu vidonge vilikuwa nyuma ya choo, damu ilikuwa imeanza kuganda. Walipanua tena kwa puto, safari hii lenye dawa ya kuzuia nyama isiote upesi.

"Alikuwa wapi maumivu yalipoanza?" akaniuliza.

Nikamwambia. Nikamwambia alikuwa anakwenda wapi. Daktari alikaa chini kwenye kiti, akanishika mkono.

Mayala alipopata nguvu ya kuongea, neno la kwanza hakuniambia mimi. Alimwambia daktari, "Umeyapima?"

"Nimeyapima, mzee."

"Yanasemaje?"

"Yanapitika. Lakini vidonge kila siku, na nikikuita uje."

"Nitakuja," akasema. "Wewe ndiye uliyeyaweka." Ndipo akanigeukia mimi, akanitazama sana, akanishukuru kwa Kisukuma, "Wabeja, Zipora." Kisha akataka kujua kama nimewapigia wapangaji wa uani wawape kuku chakula.

Lile duara walilisafisha kwa kondoo mweusi, na matimba wakayang'oa yote, wakayaweka upya kwa mikono ya mtu mwingine. Mayala hashuki tena. Hilo lilimuuma, na bado linamuuma. Jioni anasimama kwenye uzio anawasikiliza wanavyogonga, na akirudi haongei. Lakini magogo hayakatwi bila yeye kuyachagua, na kuna fundi mpya, Charles, hawezi kushuka bila kupita kwetu kuuliza. Mimi walinikataza kupika karibu na uzio. Nikahamisha mafiga yangu ng'ambo ya barabara. Walivumilia siku chache, kisha nikaanza kuwaona wanavuka na sahani zao, macho chini, na wa kwanza kabisa alikuwa Boaz. Nilimjazia maharage nikamwuliza kama wali wangu nao unafukuza dhahabu. Hakujibu, alikuwa anatafuna.

Wiki iliyopita Mayala alikuwa uani, anachonga mpini wa shoka la Charles. Nikasikia, "Ala!" Nikatoka na kitambaa. Tezo ilikuwa imemkata kidole gumba kile kile, mkato mdogo, hata si wa kumwonyesha mtu. Damu ilitoka. Nikakandamiza. Ikalowesha kitambaa, nikakunja upande mwingine, ikalowesha na huo.

"Haitaki kusimama," Mayala akalalamika. "Tazama, shati lote."

"Naiona."

"Sasa unacheka nini?"

Nilikuwa nimekaa chini kwenye takataka za mbao, nimemshika mkono wake kwa mikono yangu miwili, nacheka huku machozi yananitoka. Naye akanitazama, akaitazama damu, akaelewa, akaanza kucheka na yeye. Mama mmoja aliyekuwa anapita na ndoo ya maji akasimama getini akauliza kulikoni, mzee anavuja damu na mkewe anacheka. Nikamwambia apite tu, hatujambo kabisa.